Mwanangu, kuhusu zile asidi amino 11

Mwanangu,

Umeniuliza: kwa kuwa umeacha nyama na samaki, na kati ya asidi amino 20, yaani vipande vinavyojenga protini, mwili unajitengenezea 11, je, hizo 11 uzisahau, uangalie tu zile 9 ambazo lazima zitoke kwenye chakula?

Kujitengenezea kupo. Ini huchukua piruveti, inayopatikana glukosi ikivunjwa, likaipachika nitrojeni iliyovuliwa kwenye asidi amino nyingine. Vitamini B6 ikisaidia, unapata alanini, moja ya zile 11. Serini nayo huanzia kwenye glukosi, kisha serini huzaa glisini. Ila nitrojeni ile imetoka wapi kama si kwenye protini uliyokula? Mwili hauumbi kitu kwa hewa. Tairosini inataka fenilalanini, sisteini inataka salfa ya methionini, na hizo mbili zimo katika zile 9.

Hiyo sisteini hunirudisha Newala, kwa wale jirani wa nyuma ya nyumba ya bibi yako. Mwaka ule wa njaa walikula muhogo mchungu, makopa yaliyoanikwa harakaharaka na kusagwa. Kunde hakuna, mbaazi hakuna, dagaa ndiyo usiseme. Sianidi, ile sumu ya muhogo mchungu, mwili huizima kwa kuipa salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye methionini na sisteini. Ya binti yao ingetoka wapi? Mwili hauumbi kitu kwa hewa! Miguu ikakakamaa, akawa anatembelea vidole mpaka leo. Ugonjwa huo ndio konzo. Mtaa ukasema karogwa, na mganga akaondoka na mbuzi wao wa mwisho. Mbuzi, mwanangu! Nyama ambayo mtoto yule angeila.

Wazazi wake nisiwaseme. Wangeloweka muhogo siku tatu, sumu ingepungua sana. Lakini Newala ile, maji yanapandishwa kutoka bondeni, nani alowekee muhogo? Bibi yako aliloweka. Ndiyo, lakini bibi yako alikuwa na tangi la maji ya mvua uani. Haya. Mganga nitamsema.

Wewe unazo mbaazi, na mbaazi kwa ugali wa mahindi hufaana: mahindi yana lisini kidogo, nayo ni moja ya zile 9, mbaazi zinayo; mbaazi zina methionini kidogo, mahindi yanaongezea. Kula zote mbili, tena ushibe. Hilo la kuacha samaki mama yako amenikataza kulitolea hukumu, basi sitoi, ingawa ninayo. Kwenye kifurushi kuna dagaa wa Mikindani. Ukiona huwataki, mpe jirani.

Baba yako