Maswali na majibu: Unyunyu wa maua, bei yake na baridi yetu

Tangu kipupwe kianze huku Nyanda za Juu Kusini, maswali ya pafyumu yamezidi hata ya nywele. Mengi ni ya zile nyepesi za maua, ambazo wauzaji hukuelekeza kwazo mara tu ukisema unafanya kazi ofisini. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa wengi, na bei zilizotajwa ni za wasomaji wenyewe.

Dada, dukani nimekuta pafyumu ya jina moja, aina mbili. Iliyoandikwa Eau de Toilette ni shilingi 135,000 kwa mililita 100. Iliyoandikwa Eau de Parfum ni 180,000 kwa mililita 50. Muuzaji anasema ya pili ndiyo orijino zaidi. Napenda maua mepesi. Nichukue ipi? (Uyole, Mbeya)

Uorijino hauhusiki hapo. Maneno hayo yanaeleza ukali wa mchanganyiko tu. Pafyumu ni mafuta yenye harufu yaliyoyeyushwa kwenye alkoholi na maji kidogo. Kwa kawaida Eau de Toilette huwa na mafuta hayo kwa asilimia 5 hadi 15, Eau de Parfum asilimia 15 hadi 20, na iliyoandikwa Parfum au Extrait hupanda zaidi ya hapo. Ni mazoea ya biashara, kwa hiyo kila kampuni ina mkono wake.

Tupige hesabu. Mpulizo mmoja hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya mililita. Chupa ya mililita 100 ina mipulizo kama 1,000, kila mmoja Sh 135. Ile ya 50 ina mipulizo kama 500, kila mmoja Sh 360. Hata ukilazimika kupuliza ile nyepesi mara mbili, utakuwa umetumia Sh 270, bado chini ya mpulizo mmoja wa ile ya 180,000.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Aina hizo mbili mara nyingi si kitu kilekile kilichokolezwa. Mtengenezaji akitaka Eau de Parfum idumu, huongeza vitu vizito visivyopaa haraka, kama vanila, miski na harufu za miti, na ua lenyewe linasukumwa nyuma. Wewe umesema unapenda maua mepesi. Mimi ningechukua Eau de Toilette, na fedha iliyobaki ningeitafutia kazi nyingine.

Lakini usilipe siku hiyohiyo. Dakika kumi na tano za mwanzo ni za limau, chungwa na majani mabichi, na ndizo dakika ambazo muuzaji anataka ufungue pochi. Jipulizie kwenye mkono, si kwenye karatasi, kisha uende zako sokoni ukanunue mchele wa Kyela, ubishane bei, urudi baada ya saa mbili au tatu. Unachonusa wakati huo ndicho unachokwenda kukilipia. Ua jepesi likibaki zuri kwa saa nne limefanya kazi yake, na sioni sababu ya kulilaumu kwa kutofika jioni. La kukataa ni lile ambalo baada ya saa moja limeshageuka harufu ya sabuni ya unga. Hilo hata likidumu siku nzima, linadumu likikuudhi.

Dada, kamwene. Nilikuwa Dar, pafyumu yangu ya maua ilikuwa ikisikika hadi kwa jirani. Nimehamia Iringa, nikiivaa asubuhi hata mimi siisikii. Imeharibika? (Kihesa, Iringa)

Kamwene. Haijaharibika, imepata baridi. Harufu hutufikia pale chembe zake zinapopaa kutoka kwenye ngozi kuingia hewani, na kinachozipaisha ni joto. Kwenye joto la Dar zinapaa zenyewe. Kihesa asubuhi ya Julai, ukiwa ndani ya sweta na koti, chembe hizohizo zimelala. Ongeza upepo mkavu wa huko, unaoikausha ngozi, na ngozi kavu haishiki pafyumu vizuri.

Ukitoka kuoga jipake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kisha pulizia juu yake, hasa shingoni na kifuani chini ya nguo, ambako joto la mwili wako litafanya kazi ya joto la Dar. Unaweza pia kupulizia skafu au sweta, maana kwenye kitambaa harufu hukaa kuliko kwenye ngozi. Jaribu kwanza upande wa ndani, kwa sababu baadhi ya pafyumu huacha doa kwenye vitambaa vyeupe.

Kuhusu kutojisikia mwenyewe, usikimbilie kuongeza. Pua huzoea. Harufu iliyokaa nawe muda mrefu ubongo huacha kuipigia kelele. Tena wapo watu ambao pua zao hazipokei kabisa aina fulani za miski, na miski ndiyo tandiko la pafyumu nyingi nyepesi za siku hizi. Muulize mwenzako wa ofisini saa nne asubuhi. Akisema anaisikia, basi ipo.

Hizi pafyumu za kupima zina tofauti gani na za boksi? Kwa Sh 10,000 naondoka na chupa inayonukia kama ya laki mbili. (Mwanjelwa, Mbeya)

Tofauti ipo, ila si kubwa kama wenye maduka makubwa wanavyotaka tuamini.

Maabara yenye mashine ya kuchambua kemikali inaweza kuisoma pafyumu na kujua sehemu kubwa ya vilivyomo. Mtengenezaji mwingine huunda mafuta yanayofanana nayo, na mafuta hayo ndiyo hufika kwa muuzaji wako kwenye chupa kubwa. Yeye anakupimia mililita kadhaa, anachanganya na alkoholi, au anakupa mafuta matupu. Harufu kama harufu ni ngumu kuilinda kisheria. Kinacholindwa ni jina na nembo. Kwa hiyo anayekuambia waziwazi kwamba hii inafanana na ile, hakudanganyi. Anayebandika jina la watu kwenye chupa na kuiita yao, huyo ni habari nyingine, na nitamfikia.

Kwa maua mepesi, za kupima hufanya vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu hata zile za bei kubwa zimejengwa kwa sehemu kubwa na molekuli za maabara zisizo ghali. Zinapoachwa nyuma ni pale penye asumini au waridi la kweli kwa kiasi cha kusikika. Nakala huanza sawa, kisha katikati inakuwa bapa, kama redio iliyobaki na spika moja.

Muulize muuzaji anaweka mafuta kiasi gani kwenye chupa ya mililita 30. Akiweka mililita 6 hiyo ni asilimia 20, nguvu ya Eau de Parfum. Akiweka 1 amekuuzia alkoholi. Kama harufu ya spiriti inakuchoma pua hata baada ya dakika tano, usirudi kwake.

Nitajuaje feki? Huku kwetu mzigo unapita kila upande. (Tunduma)

Hakuna alama moja ya kukuhakikishia, ila zipo za kukufukuza. Tazama namba ya toleo chini ya boksi na chini ya chupa: zisipolingana, ondoka. (Zikilingana bado hujapona, kwa sababu mwenye kughushi naye anajua kuchapa namba.) Tazama mpulizo: orijino hutoa ukungu mwembamba, feki nyingi hutema matone. Soma maandishi madogo ya boksi, maana kwenye tahajia ndiko wanakoanguka. Na bei ikiwa robo ya bei ya kila mahali, umeshajibiwa.

Usajili wa vipodozi hapa nchini uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Dai risiti. Bila risiti malalamiko yako yatabaki kuwa hadithi ya kijiweni.

Boksi limechorwa maua ya peony, lakini shemeji yangu aliyesoma kemia anasema ndani hakuna ua hata moja. Nimeibiwa? (Mafinga)

Shemeji yako yuko sahihi kuhusu ua, lakini hujaibiwa.

Yapo maua ambayo hayatoi mafuta ya kutumika kwa njia yoyote ya kibiashara. Peony ni mojawapo. Freesia vilevile, na kaua kadogo keupe ka Ulaya ambako Wafaransa hukaita muguet. Harufu zake zote hujengwa na mtengenezaji, molekuli kwa molekuli, kwa kufuata pua. Mfano mkubwa ni Diorissimo ya mwaka 1956, aliyoitunga Edmond Roudnitska: ni muguet mwanzo mwisho, na mafuta ya muguet ya kibiashara hayapo. Watu bado wanaisifu hadi leo.

Maua yanayotoa mafuta nayo yana bei ya kutisha. Kupata kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji takriban kilo 3,000 hadi 5,000 za petali, ndiyo maana mabonde ya waridi ya Bulgaria na ya Isparta, Uturuki, yana majina makubwa. Asumini huchumwa alfajiri kabla jua halijakaza, ua moja moja kwa mkono, na Misri na India ndiko inakotoka nyingi. Grasse, mji wa Ufaransa uliojijenga kwa kazi hii, ujuzi wake uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2018. Jirani zetu wa Komoro nao ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani, ua ambalo Wazanzibari wanalijua vizuri na ambalo limo ndani ya Chanel No 5 ya mwaka 1921.

Kwa hiyo boksi likikuambia peony, soma kama mchoro wa harufu. Boksi likikutoza bei kubwa kwa sababu ya peony adimu iliyokamuliwa milimani, hapo ndipo mwite shemeji.

Ukitaka kuifundisha pua yako kuipima asumini ya chupani, huna haja ya kwenda Grasse. Nenda Mbozi wakati mibuni imechanua baada ya mvua za kwanza. Ua la kahawa linanukia jirani kabisa na asumini, na ni bure.

Mimi ni mwanaume. Napenda harufu ya maua lakini jamaa zangu wananicheka. (Njombe)

Waambie wakanuse Eau Sauvage ya Dior, ya wanaume, ya mwaka 1966. Uzuri wake mwingi unatokana na hedione, molekuli yenye sura ya asumini. Na mafuta ya waridi wanaume wa pwani na Uarabuni wamejipaka tangu zamani, wala hakuna aliyewacheka. Pulizia, kaka.

Mama yangu ametumia pafyumu moja tangu niko mdogo. Mwaka jana nilimletea chupa mpya, akasema si yenyewe. Ya zamani bado imebaki kidogo, anaiweka dirishani. Boksi ni lilelile, duka ni la kuaminika. Uzee wa pua? (Tukuyu)

Pua hupungua nguvu kwa umri, ni kweli, lakini mama huenda anasema kweli pia. Pafyumu hubadilishwa kimyakimya bila jina kubadilika. Kwa zile za maua kuna sababu moja inayojulikana wazi: tangu Machi 2022 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kwenye vipodozi molekuli iitwayo Lilial, baada ya kuwekwa kwenye kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi. Lilial ndiyo iliyokuwa ikitoa ule ubichi wa maua meupe kwenye pafyumu nyingi sana, hivyo watengenezaji wakalazimika kuzitunga upya.

Kama mama ana boksi la zamani, soma orodha ya viambato. Ukikuta Butylphenyl Methylpropional, ndiyo hiyo Lilial. Kisha tazama boksi jipya: haipo? Mama ana pua nzuri. Na ukikuta jina hilo kwenye chupa unayouziwa leo kama mzigo mpya kutoka Ulaya, ujue ama imekaa stoo miaka, ama haikutoka huko.

Ile chupa yake ya zamani iliyobaki kidogo, aitoe dirishani. Jua ndilo linaloua pafyumu. Ndani ya kabati, kwa baridi ya Tukuyu, itakaa vizuri.

Nataka kumpa zawadi mama mkwe. Ni mtu wa kanisani, hapendi makali. Nina Sh 60,000. (Gangilonga, Iringa)

Kaka, kwanza mpitishie mkeo. Zipo nyumba nyingi za kwetu huku Kusini ambamo kitu cha kujipaka mwilini kutoka kwa mkwe wa kiume kina ukakasi, hata kama kila mtu atacheka siku hiyo. Mkeo atajua pia kama mama hupata mafua au kifua kwa harufu. Kama hupata, acha kabisa, nunua kitenge.

Kama hana shida, tafuta chupa ndogo ya mililita 30 ya kitu cha kweli badala ya chupa kubwa ya jina usilolijua. Anaïs Anaïs ya Cacharel ipo tangu 1978, ni maua meupe, ya kistaarabu, na huwa haiko kwenye kundi la bei za juu. Ukiikosa, body splash nyepesi ya waridi yenye chapa ya kueleweka haina aibu yoyote. Ina mafuta machache sana, haitamsumbua aliyekaa naye benchi moja. Ziepuke zile tamu za vanila na karameli ambazo vijana wanazipenda sasa. Ibadani, watu wamebanana na madirisha yamefungwa kwa baridi, zinalemea.

Omba kunusia kwenye testa, na usiondoe nailoni ya boksi. Kama mama hataipenda, iliyofungwa unaweza kuirudisha au kuibadilisha, iliyofunguliwa itabidi avae mkeo.