Osileta ya PLL ipewe pini yake ya umeme

Usiilishe PLL (saketi yenye osileta inayotoa mapigo ya saa yanayopanga mwendo wa biti, na kitanzi kinachoirekebisha) kutoka kwenye laini ileile ya volti 1 inayolisha kiendeshi cha kutoa data. Umeuliza kama chipu yako ya gigabiti 10 kwa sekunde itumie osileta ya pete au ya koili, na kisawazishi cha upande wa kupokea kiwe na hatua ngapi. Lakini ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba utaunganisha laini hizo mbili ili kuokoa pini, ndilo litakaloiua chipu hiyo.

Sisi tuliwahi kuziunganisha hivyo kwenye chipu yetu. Mshauri tuliyemlipa alituambia kwamba kitanzi cha PLL kitajirekebisha chenyewe, na maneno hayo yananikera hadi leo, kwa sababu yalisemwa bila kupigiwa hesabu. Kitanzi chenye upana wa megahezi chache hurekebisha mabadiliko ya polepole. Yaliyo ya kasi zaidi huiachia osileta iyabebe. Waya wa nanohenri 1 unaounganisha chipu na kifungashio, ukikutana na nanofaradi 1 ya laini ya umeme ndani ya chipu, hufanya resonansi, yaani mtetemo wa umeme unaojikuza, karibu na megahezi 160. Masafa ya osileta ya pete hupanda au kushuka takriban asilimia 1 kwa kila asilimia 1 ya volti, hivyo kwenye gigahezi 5 mtetemo wa milivolti 10 tu huyasogeza megahezi 50, na kingo za saa huyumba pikosekunde 10 kila upande. Biti yako nzima ina pikosekunde 100! Moja ya tano imeliwa kabla data haijatoka nje.

Uigaji wetu haukuonyesha lolote, maana ulitumia umeme usio na dosari. Hata kwenye vipimo, tulipotuma 1010 mfululizo jicho (mchoro wa biti zilizowekwa moja juu ya nyingine, ambao ukiwa wazi data inasomeka) lilikuwa wazi, kwa kuwa mkondo uliovutwa haukubadilika. Tulipotuma PRBS31, mfuatano mrefu wa biti unaofanana na wa bahati nasibu, likafumba. Maski za kutengenezea chipu zilikuwa zimeshalipiwa, na kapasita za kwenye bodi hazikusaidia, kwani waya uleule ulisimama katikati.

Pini ya kwanza kuigawa iwe ya osileta, pamoja na regyuleta yake ndani ya chipu, hata ikibidi kufuta pini ya majaribio. Osileta ya koili haiathiriwi sana na umeme kama ya pete, lakini haikuondolei sharti hili. Kisha rudia uigaji ukiwa na modeli ya kifungashio na PRBS, kabla hujachora leiauti yoyote.