Ekinasea kuota vishada vya kijani: ni aina mpya au ugonjwa?

Dada, nimekuelewa: uko Ohio, ekinasea yako (yale maua ya bustani) chotara ya rangi ya chungwa imeanza kuchomoza vishada vya kijani katikati ya maua, majani yanageuka manjano, na unauliza kama umepata aina mpya uvune mbegu. Subiri kwanza.

Ekinasea za kijani zipo, mfano 'Green Twister', lakini ukijani wake uko kwenye petali. Kitovu cha ua hubaki cha kawaida. Ya kwako naishuku ugonjwa wa fitoplasma (aina ya bakteria wanaoishi ndani ya mmea), unaoenezwa na vidudu virukavyo vinavyofyonza utomvu. Hauna dawa. Ng'oa mmea mzima na mizizi, utupe kwenye taka. Usichelewe kama umepanda karoti au letasi karibu, nazo huugua.

Vishada vikiwa kwenye kitovu tu na majani ni mazima, huenda ni utitiri: kata maua hayo, mmea uache.

Ukibaki na shaka, wapelekee picha maofisa ugani wa kaunti yako kabla ya kung'oa, maana chotara hizi si bei ya mchicha. Mbegu zenyewe achana nazo; miche ya chotara mara nyingi haifanani na mama.