Mji wa kale juu ya kilima karibu na Dar? Nenda Kaole, ila kilima kisahau

Mkuu, umeuliza kama kuna mji wa kale juu ya kilima unaotazama bahari, wa kwenda na kurudi siku moja kutoka Dar. Kilima huku kwetu usikitafute. Waliojenga pwani hii walikuwa watu wa majahazi, walitaka mahali chombo kinaweza kupwelewa mchangani maji yakitoka. Cha karibu na unachotaka ni magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa Bagamoyo mjini.

Nilienda na shangazi yangu. Basi hadi Bagamoyo, tukamalizia na bajaji. Kosa letu ni kufika saa sita mchana: magofu hayana paa, jua la pale halina adabu, na maji tulikuwa na chupa moja. Wewe fika saa tatu. Beba kitambulisho pia, Mtanzania halipi kiingilio cha mgeni.

Shangazi alishuka tu akauliza, "Sasa bahari iko wapi?" Kweli, huioni. Kaole ilikuwa bandari, na msikiti wake mkongwe unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Tope likajaa, mikoko ikaota palipokuwa na maji, vyombo vikahamia Bagamoyo. Mji ukabaki umeangalia msitu.

Mimi nilishikwa na makaburi. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yana nguzo iliyosimama upande wa kichwani. Angalia nguzo kwa karibu utaona vishimo vya duara, saizi ya bakuli la uji. Ndimo vilimokaa vibakuli vya Kichina. Nilipitisha kidole ukingoni (usiniige, mtembezaji alinikoholea), chokaa ni laini kama ilipakwa juzi.

Kuna kaburi la Sharifa, watu bado wanakwenda kuomba dua. Hapo shangazi alijitanda kanga, akanyamaza muda mrefu. Alichoomba hakuniambia.

Halafu mbuyu. Ni wa miaka mingi mno, na mtembezaji akasema ukiuzunguka unaongeza siku za kuishi. Mimi nilicheka. Shangazi, aliyekuwa ananinung'unikia jua tangu tunashuka kwenye bajaji, aliuzunguka mara tatu.