Shangazi nisaidie, mume wangu kaniharibia daftari la fadhila

Shikamoo Shangazi. Mie ni mama wa watoto watatu, nakaa Tomondo hapa Unguja, sie Wakatoliki. Kwaresima ya mwaka huu sikutaka kuacha nyama tu, niliamua nilee fadhila ndani ya nyumba yangu. Nikanunua daftari, nikachukua zile saba za katekisimu, kila wiki moja tangu Jumatano ya Majivu, nikaanza na busara mpaka mapendo wiki ya mwisho. Niliona video ya Mmarekani mmoja wa zamani alifanya hivyo na kafanikiwa. Kila mtu nikampa ukurasa wake nikawa naandika anapokosea, mume, watoto, hata mavyaa wangu alipokuja kutoka Machui, ila yeye siku ya nne kaondoka hata chai hakunywa. Mume wangu ni fundi friji, si mtu mbaya lakini hana hamu na mambo ya Mungu. Jumapili anawawahisha watoto misa ya kwanza halafu anarudi kulala, jioni yuko barazani na majirani, na kwa vile Kwaresima na Ramadhani zimegongana alikuwa anafuturu nao. Jirani akileta futari yeye anapokea. Mie sikutaka kuchanganya mifungo, sahani mbili za jirani ziko kabatini kwangu. Basi wiki ya mapendo kalikuta daftari, kalisoma lote kasimama pale jikoni, hakusema kitu. Akachukua kalamu, akafungua ukurasa mtupu akaandika jina langu juu, akalifunga akaenda kulala. Mpaka leo nyumba kimya. Naona kanidhihaki mimi na Mungu wangu. Nifanye nini aelewe?
Mama wa Tomondo

Marahaba mwanangu. Pole na kimya, nyumba ya kimya inachosha kuliko ya kelele, hilo nakubali. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nimeisoma na miwani. Umesema kila mtu ana ukurasa wake. Mume anao, watoto wanao, mavyaa mgeni wa siku tatu naye kapewa wake. Nimekutafuta wewe humo ndani sikukuona, mpaka alipokuandika mumeo. Sasa nani kaliharibu hilo daftari? Mie naona kalikamilisha.

Halafu hii ya "hana hamu na mambo ya Mungu", hebu tuitazame. Watoto watatu wako misa ya kwanza. Misa ya kwanza, mwanangu, si ya saa nne! Kuna mtu kaamka usiku usiku kawaogesha, kawatafutia soksi (soksi za watoto kila siku moja haionekani), kawapandisha daladala, kawanyamazisha wakati wa mahubiri. Wewe saa hizo uko wapi? Hukusema, na mie sikuulizi. Akirudi analala kwa sababu kachoka, wiki nzima kabeba mitungi ya gesi anapanda ngazi za hoteli za watu. Kama huyo si mchaji wa Mungu basi sijui mchaji yukoje, labda mpaka arushe voisi kwenye grupu la jumuiya alfajiri.

Na mavyaa wako. Mama mtu mzima hatoki Machui akaja Tomondo kuona wajukuu halafu siku ya nne akaondoka na njaa bila sababu. Na yeye kaliona daftari, ndivyo ninavyokwambia, wala usibishe. Wakongwe wanaona. Labda alikuwa anatafuta kiberiti. Hebu mfikirie, anafungua droo anakuta jina lake na chini yake "wiki ya kiasi: kaongeza wali". Mie ningeondoka siku ya pili.

Huyo Mmarekani wako mie namjua, anaitwa Benjamin Franklin, kaandika mwenyewe habari za maisha yake. Kweli alikuwa na kidaftari, kweli alishika tabia moja kila wiki, na akikosea alitia nukta nyeusi. Lakini zile nukta alijitilia yeye, mwanangu. Mke wake Deborah hakuwa na safu humo! Na video haikukwambia utamu wake: mwanzo aliandika tabia 12, unyenyekevu haumo kabisa, mpaka rafiki yake mmoja akamwambia bwana wee una kiburi, watu wanakusema, ndo akauongeza ukawa wa 13. Na kakiri mwenyewe kwamba kuweka mambo yake kwa mpango kulimshinda mpaka uzeeni. Sasa wewe umechukua daftari la mtu aliyekuwa anajihesabu mwenyewe umeligeuza la polisi.

Hata kwenye kitubio huwezi. Ingia pale upige magoti uanze, padri, mume wangu kakosa kiasi, mavyaa wangu kakosa busara. Padri atakwambia mama, hao watakuja wenyewe, wewe umefanya nini?

Na mie sikuhukumu kwa kuwa malaika. Nilipokuwa mke kijana niliweka nadhiri Kwaresima nzima silii chumvi. Nadhiri ni yangu, lakini mchuzi ni wa nyumba moja, basi wote tukala muhogo hauna chumvi, mchicha hauna chumvi, samaki changu hana chumvi, na mie najiona mtakatifu kweli kweli. Siku moja nafua shati la mume wangu nikakuta kikaratasi cha gazeti kimekunjwa mfukoni, nikadhani barua ya mwanamke. Nikakifungua mikono inatetemeka. Chumvi! Mtu mzima anatembea na chumvi mfukoni anajitilia chini ya meza ili asinivunjie nadhiri yangu. Nilikaa juu ya beseni la nguo nikalia. Nikajiuliza hapa nyumbani aliyefunga ni nani.

Ndo maana nataka uelewe hili neno fadhila, maana unalitumia vibaya. Katekisimu tulifundishwa, imani, matumaini na mapendo hizo za Kimungu, kisha busara, haki, nguvu na kiasi, tunaziimba kama hesabu ya mara mbili. Lakini toka nje mtaani kwetu umuulize mtu fadhila ni nini. Atakwambia fulani kanifanyia fadhila siku mtoto wangu alipougua, fulani kanisitiri, hana fadhila yule alisahau nilivyomlea. Fadhila unamtendea mtu, na aliyetendewa ndo anayejua kama umeitenda. Huwezi kukaa jikoni na kalamu ukaipima.

Wiki zako saba kwa hiyo zimekwenda hivi. Ya haki umemhukumu mtu hayupo. Ya busara umeandika maneno ukayaacha droo isiyo na kufuli. Ya kiasi umemhesabia mama wa watu wali. Ya mapendo, eti, ndo mumeo kakuta hesabu. Na Mtakatifu Paulo katika ile barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 13, ile ile inayosomwa kwenye kila harusi huku watu wanapiga picha, kasema upendo hauhesabu mabaya. Hauhesabu. Kama kaliona daftari lako.

Sasa turudi kwenye ule ukurasa, maana ndo roho ya barua yako na wewe umeupita haraka. Kaandika jina lako. Akafunga. Hakuandika kitu chini. Mwanaume aliyesoma makosa yake ya wiki sita, na ya mama yake mzazi, kalamu iko mkononi, hasira iko kifuani, na bila shaka anayo mengi ya kuandika, nikikaa nae saa moja atanipa ya kurasa nne. Kakuachia mtupu. Wewe unaita dhihaka. Mie nimezeeka kwenye ndoa na kwenye kusoma barua za watu, na sijamuona mume aliyemsamehe mkewe kwa adabu kama hiyo. Mumeo huyo nampenda, nakwambia wazi.

Tatizo ndoa za siku hizi kila mtu kocha. Zamani mtu akiolewa anapewa somo, anafundishwa yeye: wewe fanya hivi, wewe vumilia hivi, mengine yalikuwa ya kuonewa sikatai, lakini kidole kilikuwa kinakuelekea wewe. Siku hizi unaingia simuni asubuhi unatoka na dalili kumi za mume asiyekua kiroho, unazitafuta kwa mumeo kama unavyotafuta chawa, na ukizitafuta utazipata tu, hata mie ungezipata. Na wanaume nao hivyo hivyo, wana video zao za mke mwema, anamsomea mwenzake Mithali 31 naye mwenyewe hata maji ya kuoga hajichotei. Kila mmoja anamlea mwenzake fadhila, na watoto wanakula boflo kavu. Petro kasema wazi kuhusu mume asiyeliamini Neno, avutwe kwa mwenendo wa mkewe pasipo lile Neno. Pasipo! Yaani unyamaze upike.

Umeniuliza afanywe nini aelewe. Hafanywi kitu, kashaelewa. Leo akirudi usimuandalie hotuba, wala usianze "nimetafakari". Mwambie nimekosa, neno hilo moja basi, kisha mpe maji. Akikaa barazani mwache akae, huko ndiko anakopumua. Jumapili amka wewe uwaogeshe watoto, naye alale. Kwa mavyaa usitume salamu kwa simu, panda gari uende Machui na kilo mbili za sukari na kanga, ukae jikoni kwake umenye mbatata, akikutolea maneno yapokee. Daftari usilichane mbele ya watu wala usipige picha ukaweka stetasi eti umebadilika, kalitie motoni siku unachoma takataka. Ukurasa wenye jina lako ungoe ukae nao.

Ila kabla ya yote hayo kuna sahani za jirani. Kwetu Unguja sahani ya futari hairudi tupu, hilo hata mtoto wa skuli analijua, na zako si kwamba zimerudi tupu, hazijarudi kabisa! Mwanamke wa watu kafunga kutwa, kapika na joto la jiko, kaondoa fungu la watoto wako kabla hajafungua mwenyewe, na wewe umezifungia kabatini kwa kuogopa kuchanganya mifungo. Sijui kama alishaulizia kwa mumeo. Nadhani kaulizia, na mumeo kasema uongo wa kukusitiri.

Pika mkate wa kumimina leo, kama hujui kununua si dhambi. Moja tia mkate, nyengine tia machungwa au chochote kilichopo, funika na kitambaa kisafi, na usimtume mtoto. Nenda mwenyewe, upige hodi.