Dume Mgeni Asilale Bandani Siku Anayofika

Jirani yangu alinigongea mlango asubuhi moja akaniambia panya wangu wanalia damu. Alikuwa amepita kuchukua maranda machafu ya kutengenezea mbolea ya mchicha wake, akachungulia kwenye vizimba. Nilipofika nikaona mwenyewe: panya weupe, wana michirizi myekundu kutoka kona ya jicho hadi puani, na baadhi yao shingo zimevimba kama mtoto mwenye matubwitubwi. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Arusha inayoingia hadi kwenye mifupa. Ugonjwa ule niliuleta mimi, na nauli yake nililipa mimi.

Nafuga panya weupe mwaka wa saba sasa. Wateja wangu wakubwa ni watu wenye nyoka wa kuonyesha wageni, na mara moja moja wanafunzi wenye mitihani ya vitendo. Nina majike 36 na madume 8. Watu hucheka, nimezoea. Kule Morogoro panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Lakini mtu ukimwambia unafuga panya, anachokumbuka ni tauni ya Lushoto.

Turudi kwenye kosa. Madume wangu walikuwa wamepanda dada zao na binti zao kwa miaka, na banda likaanza kunilipa: jike aliyekuwa akizaa watoto 12 anazaa 6, na wawili hawafiki wiki. Nikatafuta damu mpya. Mfugaji mmoja wa Dar es Salaam akanipakilia dume kwenye basi, ndani ya kisanduku cha mbao chenye wavu, na nusu ya tango. (Hilo tango liige. Chupa ya maji huvuja garini, na panya aliyelowa safari nzima ni mgonjwa kabla hajashuka. Tango linamtosha maji ya njiani.) Dume alikuwa mzuri ajabu. Gramu 520 kwenye mizani ya jikoni, manyoya laini, macho maangavu, kifua kimya. Nikamweka na majike wawili usiku uleule. Sikuwa na chumba kingine, na kusema kweli nilikuwa na haraka.

Siku ya nne akavimba shingo. Siku ya tisa ndipo jirani akagonga.

Daktari wa mifugo wa kwetu ni mama mtaratibu sana. Alimshika wa kwanza, akamgeuza, akapapasa chini ya taya kwa kidole kimoja.

“Hizi ni tezi za mate,” akasema. “Mgeni ulimlaza wapi, mwanangu?”

Nikanyamaza.

“Haya.”

Kwa dalili zile, alisema, hawa wana virusi vya panya vya jamii ya korona, si vile vya watu. Vinapita hewani, kwa hiyo kumhamisha mgonjwa kutoka kizimba cha juu kwenda cha chini ni kujichosha tu. Dawa yake hakuna. Panya mmoja hutoa virusi kwa kama wiki moja, kisha hupona, na hawi tena wa kuambukiza. Sasa mbona banda zima linaweza kuumwa miezi? Kwa sababu ya watoto. Kila uzao unaoingia hauna kinga, kwa hiyo ni kuni mpya kwenye moto uliokuwa unazimika. Akaniamuru nitenganishe madume na majike wote, nisizalishe kwa wiki 6 hadi 8, asiingie panya wala asitoke. Nilidhani ananitania. Miezi miwili bila kuuza! Nikatii, maana sikuwa na la kumjibu.

Kuhusu ile “damu”: si damu. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa majimaji mekundu, na panya mzima hujifuta uso mara kwa mara usiyaone. Akiumwa, akiwa na hofu au baridi, majimaji yanazidi na yeye anaacha kujisafisha. Ukitaka uhakika, loweka pamba, futa ule wekundu, uupeleke kwenye taa ya kukagulia noti bandia. Majimaji hayo yanang'aa rangi ya waridi, damu haing'ai. Mimi nilikwenda na pamba yangu kwa wakala wa pesa za simu, saa mbili usiku. Tangu siku ile ananisalimia kwa tahadhari.

Virusi vyenyewe viliua wachache: wazee watatu na vichanga kadhaa. Waliofuata ndio waliouma, na hao waliuawa na kitu kilichokuwa bandani siku zote.

Karibu kila panya wa kufugwa ana vijidudu vya mikoplasma kifuani. Mama anaweza kumwambukiza mtoto akiwa bado tumboni, kwa hiyo usitegemee kuvifuta. Vinakaa kimya hadi panya adhoofike, ndipo unasikia chafya, halafu mlio. Mimi kila Jumapili humshika mmoja mmoja nikaweka ubavu wake sikioni. Kifua kizima hakisemi kitu. Kibovu kinalia kama bisi zinazopasuka kwa mbali, na kikizidi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Wengine ugonjwa huwapandia sikioni, wanatembea kichwa kimepinda. Na majike vinawaharibu vizazi, kwa hiyo ule uzao wangu uliopungua, ambao mimi niliulaumu undugu peke yake, pengine nusu ya kesi ilikuwa hii.

Kinachoviamsha zaidi ni harufu ya mkojo. Kile kitu kinachokuwasha macho ukifungua banda ni amonia, na inachoma njia ya hewa ya panya hadi vijidudu vinapata pa kushika. Mimi Julai ile nilikuwa nimeziba madirisha yote kwa magunia, nikiwaonea huruma kwa baridi. Huruma ya kijinga. Panya mwenye maranda mengi na vipande vya karatasi vya kutengenezea kiota anajipasha joto mwenyewe, lakini hana namna ya kujisafishia hewa. Siku hizi naacha upenyo juu ya ukuta mwaka mzima, na kipimo changu ni hiki: alfajiri, kabla ya kufungua chochote, nachuchumaa pua iwe usawa wa kizimba cha chini kabisa. Nikisikia ukali, maranda yanabadilishwa siku hiyo, hata kama ratiba inasema Jumamosi. Maranda yawe yamepepetwa vumbi, na yasiwe ya miti yenye harufu kali kama mkafuri.

Dawa nazo zina mambo yake. Watu hukimbilia duka la pembejeo wakaomba ile ya unga ya kuku, wakaitia kwenye maji. Panya hapendi maji machungu, anapunguza kunywa, na anayekunywa kidogo kuliko wote ni yule mgonjwa. Wengine huomba penisilini. Hiyo inafanya kazi kwa kuvuruga ukuta wa kijidudu, na mikoplasma haina ukuta, kwa hiyo umetupa hela. Mgonjwa anayestahili kutibiwa nampeleka kwa daktari, anapimwa uzito, anapewa doksisaiklini kwa mdomo, na siichanganyi na maziwa kwa sababu maziwa huidhoofisha. Anapata nafuu. Kupona kabisa, hapana, na ndiyo maana aliyewahi kutibiwa kifua kwangu hazai tena. Wala haendi kwa wateja wenye nyoka.

Na utitiri! Hapa niruhusu nipandishe sauti kidogo. Ile ivermektini ya sindano ya ng'ombe, ng'ombe wa kilo 300 hupewa mililita 6. Panya wa gramu 300 ni mdogo kwake mara 1000. Piga hesabu: mililita 0.006. Tone moja tu kutoka kwenye bomba ni zaidi ya hapo mara nyingi. Nimeona mtu akimpaka jike “tone dogo tu” na kesho yake jike anatetemeka. Mwachie daktari aizimue.

Sasa mgeni. Kwanza jiulize kama unamhitaji. Baada ya msiba ule niligawa panya wangu koo nne na kuwapa vibao vya rangi. Dume wa koo nyekundu anakwenda kwa majike wa bluu, wa bluu kwa kijani, hivyo hivyo kwa mzunguko, na daftari linaonyesha nani ni wa nani. Hilo peke yake limenipunguzia kutafuta damu ya nje. Jingine, siwahi tena kuchagua dume kijana. Nangoja afike mwaka mmoja. Dume wa mwaka bado anazalisha vizuri, na kwa umri huo kifua chake kimeshatoa ushahidi. Vijana wa miezi mitatu wote wana vifua vizuri, hujui nani ataanza kulia bisi akifika miezi kumi.

Ukishaamua kumleta, alale nyumba nyingine. Chumba cha pili kwenye banda lilelile ni hewa ileile. Mimi natumia stoo ya nyuma ya jikoni. Mke wangu aliafiki kwa masharti ambayo sitayaandika. Wiki tatu ndiyo kidogo kabisa, mimi hukaa siku 30. Virusi vile vinajitokeza ndani ya wiki, kwa hiyo dume wa Dar angenionyesha shingo akiwa peke yake stoo, na mimi ningekuwa na mgonjwa mmoja badala ya banda zima. Chawa na utitiri wanahitaji muda zaidi kuonekana, na kifua kinachosumbuliwa na safari hakisemi siku ya kwanza.

Utaratibu wa kuhudumia: wenyeji asubuhi, mgeni mwisho, kisha naoga na kubadili shati. Ufagio wake, chupa yake, sahani yake. Ukisahau kitu bandani baada ya kumshika mgeni, kisubiri hadi kesho. Nanunua wawili, ndugu wa tumbo moja, kwa sababu panya mmoja peke yake mwezi mzima ananyong'onyea hata kula.

Halafu kuna bibi. Huyu ni jike wangu mzee aliyemaliza kuzaa, mzima, namtoa bandani nikamweka na wageni stoo kuanzia siku ya kwanza. Wageni wanaweza kuonekana wazima kwa sababu wameuzoea ugonjwa wao. Bibi hajauzoea. Akimaliza siku 30 bila chafya, bila kukonda, bila kujikuna, nina jibu ambalo macho yangu hayawezi kunipa. Akiugua, harudi. Ni ukatili kiasi, najua, na ndiyo maana hula vizuri kuliko wote.

Kumwingiza sasa. Dume aliyekomaa kwa dume aliyekomaa usijaribu, wanaweza kuuana. Kwa jike, osha kizimba ambacho si cha yeyote kati yao, weka maranda mapya, waingize wote kwa pamoja, kaa hapo na taulo. Kunusana, kupandana, kusukumana kidogo, waache. Ukiona dume amesimamisha manyoya yote na anatembea kiubavu-ubavu, huyo anatafuta vita. Tupa taulo juu yake ndipo umshike, usipeleke mkono mtupu. Jike hurudi kwenye joto kila siku 4 au 5, kwa hiyo ukimwacha na dume wiki mbili umempa nafasi za kutosha. Mimba ni siku 21 hadi 23. Mtoe dume kabla jike hajazaa, kwa maana ndani ya siku moja baada ya kuzaa anaweza kushika tena, na huyo atanyonyesha akiwa na mimba hadi abaki mifupa.

Usisahau kwamba ugonjwa unaingia pia kwa miguu yake. Panya wa darini hawahitaji basi. Ziba kila upenyo kwa wavu wa chuma, chakula kikae kwenye ndoo yenye mfuniko, na mahindi yenye ukungu usiwape hata kama kuku wanakula.

Yule dume wa Dar alipona. Jicho moja lilibaki na kiwingu, na sikumzalisha, ingawa ndiye aliyenigharimu kuliko panya yeyote niliyewahi kununua. Ana miaka miwili sasa, anaishi peke yake karibu na mlango kwa kuwa hapatani na mtu. Na wiki iliyopita nimepokea wengine wawili kutoka Moshi, ndugu, gramu 410 na 435. Wako stoo. Leo ni siku ya nane, mdogo alipiga chafya mara mbili jana jioni, nimeandika. Bibi amelala juu yao.