Nahamisha jarida langu la safari, wasomaji wasioona nitawapoteza?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko Mikindani, natumia kitimwendo, na kila mwezi natuma jarida kwa barua pepe kwa watu wenye ulemavu wanaosafiri huku kusini: gesti gani mlango unapitisha kiti, boti ya kwenda Kilwa Kisiwani unapandaje, choo kikoje. Sasa tovuti ninayotumia imepandisha bei, nataka kuhama, ila wasomaji wangu wengi hawaoni, wanasomewa na simu. Mwenzangu alihama, picha zake zote zikawa bubu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mtu anatoka Dar mpaka Kilwa Masoko kwa kuamini ulichoandika wewe, kwa hiyo hofu yako naielewa kabisa.

Hilo la picha lishike kwanza. Ukieksipoti matoleo yako ya zamani maandishi yanatoka vizuri tu, lakini yale maelezo uliyoandika nyuma ya picha, yale simu inayomsomea asiyeona, yanaweza kubaki njiani, na wewe unayeona hutajua maana picha iko palepale inang'aa. Kwa hiyo usihamishe vyote kwa mpigo. Chukua toleo moja lenye picha nyingi, liweke kule kupya, washa TalkBack, ile sauti ya simu za Android inayosoma kilichopo kwenye skrini, fumba macho, sikiliza. Ukisikia "picha, IMG 4021" badala ya "ngazi nne za mawe, hakuna pa kushikia" basi ujue msomaji wako ameshapotea hapo. Halafu sikiliza na fomu ya kujiunga, kuna majukwaa yanamwambia mtu achague picha zenye taa za barabarani ndio aingie, sasa asiyeona afanyeje jamani? Likiwa hivyo na halina njia nyingine, liache hata kama ni bure. Rangi nazo, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na wenye ulemavu, WCAG 2.2 wa Oktoba 2023, unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa mandhari kwa 4.5 kwa 1, ile kijivu juu ya nyeupe wanayoipenda mafundi mara nyingi haifiki.

Orodha ya wasomaji itoe kama faili la CSV, yaani jedwali la kawaida ambalo majukwaa mengi yanalisoma, na toa pia ya waliojitoa, maana ukiwasahau utawatumia tena watu waliokataa. Faili hilo lisizunguke WhatsApp, linaweza kuonyesha nani ana ulemavu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kama domeini, yaani jina la tovuti yako, ni yako mwenyewe, hama nayo, na fundi aweke elekezo la kudumu, wao wanaliita 301, kila linki ya zamani ifike kwenye ukurasa wake mpya na sio zote kumwagwa ukurasa wa mbele. Mwambie aweke na SPF na DKIM, mipangilio ya domeini inayothibitisha kwamba barua pepe imetoka kwako kweli, tangu Februari 2024 Gmail imekaza kwa watumaji wasiojithibitisha, utaishia kwenye spamu wasomaji wadhani umeacha.

Toleo la mwisho la kule kwa zamani liseme wazi toleo lijalo linatoka anuani gani, waisevu. Na kabla hujalipia mwaka mzima lipia mwezi mmoja, mpigie msomaji wako mmoja asiyeona, ajiunge upya mwenyewe huku uko naye kwenye simu, usimsaidie, msikilize anakwama wapi.